Siku 14 za bure msituni, na mji usio na vyumba

Tarehe 1 Mei 2025, Idara ya Misitu ya Marekani ilifunga barabara ya China Hat, inayotoka kusini mwa mji wa Bend, Oregon, na kuingia Msitu wa Taifa wa Deschutes. Eneo lililofungwa lilikuwa na ukubwa wa takriban ekari 26,000. Sababu iliyotolewa ni kazi za msitu wenyewe: kupunguzia miti, kufyeka vichaka na kuchoma moto wa kudhibitiwa, kazi zilizopangwa miaka kadhaa nyuma. Humo ndani, hata hivyo, walikuwamo watu kati ya 100 na 200 wanaoishi kwenye mahema, magari madogo na magari-nyumba, baadhi yao kwa miaka. Walitakiwa watoke. Ambaye gari lake halikuwaka tena ilibidi atafute wa kumvuta, na asiye na pa kwenda aliambiwa atoke vilevile.

Habari hiyo iliandikwa sana kama ugomvi kati ya watu wasio na makazi na serikali. Ugomvi upo, na nitaueleza. Ila kuna jambo jingine linalopotea humo na halina msemaji: idhini ya mtu yeyote, mwenye fedha au asiye nazo, kuingia msitu wa umma, kutandika hema na kulala bila kulipa wala kuomba ruhusa. Naiona idhini hiyo kuwa miongoni mwa mambo mema kabisa ambayo nchi ile imewapa watu wake. Inapotea kwa sababu miji inayopakana na misitu imeacha kujenga nyumba za watu wa kipato cha chini, na msitu ukaachiwa kuziba pengo hilo kimyakimya. Kufunga msitu hakurudishi idhini hiyo, wala hakumpatii mtu hata chumba kimoja.

Tuanze na idhini yenyewe, maana msomaji aliyezoea geti la Kilimanjaro au la Mlima Kenya, penye kibanda cha malipo na daftari la kujiandikisha, huenda akadhani natia chumvi. Marekani ina misitu ya taifa 154, na ukijumlisha na mbuga za nyasi zilizo chini ya idara hiyohiyo unapata ekari milioni 193, eneo kubwa kuliko Kenya nzima. Tangu mwaka 1905 misitu hiyo iko chini ya Wizara ya Kilimo. Zipo kambi za kulipia, zenye meza, choo na namba ya nafasi. Nje ya kambi hizo, pasipo na tangazo la kukataza, unaruhusiwa kuacha lami, kufuata barabara ya vumbi iliyo kwenye ramani ya magari ya msitu husika, kutafuta mahali palipokwisha kutumiwa na wengine, na kulala. Hakuna tiketi. Hakuna anayekuuliza jina. Mkimbizi aliyepokelewa Portland akitokea kambi ya Nyarugusu ana haki sawa na mhandisi wa Seattle.

Masharti yake ni machache. Uje na maji yako, uondoke na taka zako. Choo ni shimo unalochimba mwenyewe, kina cha sentimita 15 hadi 20, mbali na mto, njia na kambi kwa mita 60 hivi, kisha unafukia. Moto unazimwa mpaka unaweza kuugusa. Na baada ya siku 14, kwa misitu mingi, unafungasha unahama. Kuifanya ardhi hiyo makazi yako ni kosa chini ya kanuni za shirikisho. Utaratibu wote huu unasimama juu ya imani kwamba mtu aliyeachwa peke yake porini atafanya linalopasa, na kwa miongo mingi, katika sehemu kubwa ya misitu hiyo, wengi wamefanya.

Pale unapoanza kuyumba ni karibu na mji.

Bend ulikuwa mji wa mbao. Kuanzia 1916 viwanda viwili vikubwa vya kupasua magogo, Shevlin-Hixon na Brooks-Scanlon, vilikabiliana ng'ambo na ng'ambo ya mto Deschutes. Leo imebaki minara mitatu ya moshi, imesimama juu ya maduka na migahawa ya watalii. Mwaka 1990 mji ulikuwa na watu 20,469. Sensa ya 2020 ilihesabu 99,178. Walikuja kwa ajili ya theluji ya mlima Bachelor, baiskeli, hewa safi, na baadaye kwa sababu mtu aliweza kufanya kazi ya San Francisco kwenye kompyuta akiwa Bend. Nyumba ya kawaida ya familia sasa inauzwa kwa zaidi ya dola 700,000. Anayetandika vitanda vya hoteli, anayekaanga viazi na anayeendesha lifti za kupandishia watelezaji theluji hawawezi bei hiyo, na pango linafuata bei ya nyumba kama kivuli.

Mtu haamki asubuhi moja akajikuta anaishi msituni. Mkataba wa pango unaisha na mwenye nyumba anauza. Unalala kwa rafiki hadi adabu inaisha. Unahamia kwenye gari, unaliegesha mtaani, polisi wanagonga kioo saa nane za usiku. Mtu anakwambia iko barabara ya msitu kusini mwa mji ambako hakuna anayegonga kioo, na kutoka huko unafika kazini kwa dakika chache. Ndiyo maana barabara ya China Hat ilijaa wakati maelfu ya ekari nyingine za Deschutes, kilomita nyingi ndani zaidi, hazina mtu. Aliye likizo hutafuta umbali. Mwenye zamu ya saa 12 asubuhi anatafuta ukaribu.

Kwa hiyo kwenye ardhi ileile, chini ya kanuni ileile, wapo watu wa aina mbili. Wa kwanza amekuja na familia kwa siku nne, ana nyumba, ana choo anachokirudia Jumapili. Wa pili hana pengine. Kanuni ya siku 14 iliandikwa ikimfikiria wa kwanza, na kwake inatosha kabisa. Kwa wa pili haina maana yoyote: siku ya 15 atasogea kilomita mbili, ahesabu upya. Na kwa kuwa hakuna daftari, hakuna anayejua ni lini alifika, isipokuwa askari wa misitu apite mara kwa mara, awe na kumbukumbu, na awe na muda.

Napenda niseme wazi kwamba wanaolalamikia hali ya msitu hawasemi uongo, na kuna watetezi wa wanyonge wanaoliepuka jambo hili kwa aibu. Chukua hilo shimo la choo. Mtu mmoja kwa siku kumi na nne, ardhi inameza. Watu 150 kwa mwaka mzima ni haja zaidi ya 54,000, kwenye udongo wa majivu ya volkano ulio mwepesi na mkavu, katika eneo la kilomita chache pembezoni mwa barabara. Hapo hatuzungumzii tena kambi. Huo ni mtaa usio na bomba, usio na lori la taka, usio na choo, na majira ya baridi theluji inapoanguka ni mtaa wa watu wanaojipasha moto kwa mitungi ya gesi ndani ya magari yaliyozibwa matambara. Msitu unaumia na watu wanaumia.

Lakini hofu iliyo kubwa kuliko uchafu ni moto, na hapa inafaa tukae kidogo.

Misonobari ya aina ya ponderosa inayozunguka Bend imezoea kuungua. Gamba lake la nje ni nene, matawi ya chini hudondoka yenyewe mti unapokua, na kwa karne nyingi moto mdogo wa nyasi ulipita chini yake kila baada ya miaka michache, mwingine ukiwashwa na radi, mwingine na wenyeji wa asili waliojua faida yake. Miti ilisimama mbalimbali, mtu akapita kati yake na farasi. Baada ya moto mkubwa wa 1910 uliounguza mamilioni ya ekari Idaho na Montana, serikali ikaamua moto wowote ni adui. Mwaka 1935 ikatoka amri kwamba kila moto uwe umedhibitiwa ifikapo saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Amri ilitekelezwa kwa bidii, na matokeo yake yamesimama mpaka leo: miche iliyopaswa kuungua ikiwa midogo imekua imesongamana, vichaka vimejaa kati yake, na chini kuna zulia la sindano kavu za misonobari lenye kina cha kiganja. Moto ukiingia humo hauishii chini, unapanda ngazi ya vichaka hadi kileleni. Ndiyo sababu kazi iliyofanya China Hat ifungwe ni kazi ya lazima. Anayesema ilikuwa kisingizio tu cha kufukuza watu hajautazama msitu ule.

Sasa tazama moto wa kambi unavyozimwa. Mtu amekaa jioni, amekula, kuni zimekwisha, amemwaga chupa moja ya maji, mvuke umepanda, rangi nyekundu imetoweka. Anaingia kulala akiamini kauzima. Chini ya jivu kuna kaa lililofunikwa, na chini ya kaa kuna zulia lile la sindano na mizizi iliyooza, vinavyofuka polepole bila mwali wala moshi wa kuonekana kwa siku kadhaa. Anayejua humwaga ndoo nzima, akakoroga jivu na udongo kwa koleo mpaka uwe uji, akamwaga tena, kisha akaweka kiganja chake juu na kukiacha hapo. Kama bado kuna vuguvugu, moto haujazimika. Unahitaji maji mengi kwa kazi hiyo, na kwenye kambi ya bure maji ni yale uliyokuja nayo.

Mji wa Flagstaff, Arizona, umelipa gharama ya somo hili. Juni 2010 moto wa kambi ulioachwa bila kuzimwa kaskazini mwa mji uliwasha moto wa Schultz, ukateketeza takriban ekari 15,000 za miteremko mikali. Hakuna aliyekufa motoni. Mwezi mmoja baadaye mvua za kiangazi zilinyesha juu ya milima isiyo na majani ya kushika maji, mafuriko yakashuka hadi mitaani, na mtoto wa miaka 12 akachukuliwa na maji. Juni 2022, jirani na hapo, ukazuka moto wa Pipeline uliounguza zaidi ya ekari 26,000. Mtu aliyekamatwa alikuwa amepiga kambi msituni, na kwa mujibu wa maelezo ya wachunguzi alikuwa amechoma karatasi za chooni na kuzisukuma chini ya jiwe, akadhani zimezimika.

Karatasi za chooni chini ya jiwe. Hakuna mtu mwovu katika kisa hicho, wala hapakuwa na mtaa wa mabanda. Alikuwepo mtu mmoja mahali asipoona mwenzake, akifanya kitu alichodhani ni usafi. Takwimu za serikali ya Marekani huonyesha kwamba takribani asilimia 85 ya mioto ya porini huanzishwa na watu kwa njia mbalimbali, na moto wa kambi ni mojawapo. Mgeni wa siku mbili na mkazi wa miaka miwili wote wanaweza kuuanzisha. Ukitaka kujua hatari iko wapi, uliza maswali ya kawaida: ana maji? ana shimo la mawe lililotengenezwa vizuri? kuna atakayeuona moshi mapema? gari la zimamoto litafika kwa muda gani?

Nimeyataja maswali hayo kwa sababu yanageuza hoja ya kufunga. Unapofunga ekari zilizo karibu na mji, aliyekuwa humo hatoweki. Waliotoka China Hat wengine walikwenda Juniper Ridge, ardhi iliyo kaskazini mwa mji ambako tayari kulikuwa na watu wengi; wengine walihamia barabara nyingine za msitu uleule, mbali zaidi. Huko mbali hakuna mtandao wa simu. Watu wa kujitolea waliokuwa wakipeleka maji na kuzoa taka hawawapati. Moshi ukianza alasiri ya upepo, anayeuona ni mwenyewe peke yake, na gari la zimamoto lina saa nzima ya vumbi mbele yake. Kwa hofu ya moto, ambayo ni hofu ya haki katika mji ambao mwaka 1990 ulipoteza nyumba 22 kwa moto mmoja wa mchomaji makusudi, tumewasogeza wawashaji moto mbali na wazimaji. Nimejaribu kuitetea hesabu hii na sijaiweza.

Mahakama nazo zimesukuma upande huohuo. Mwaka 2018, katika kesi iliyotoka mji wa Boise, mahakama ya rufaa ya majimbo ya magharibi ilisema mji hauwezi kumwadhibu mtu kwa kulala nje ikiwa hauna kitanda cha kumpa. Miaka sita baadaye, tarehe 28 Juni 2024, Mahakama ya Juu iliupindua msimamo huo kwa kura 6 dhidi ya 3 katika kesi ya Grants Pass, mji mwingine wa Oregon. Tangu hapo miji ina uhuru mpana wa kupiga faini. Baadhi ya wakazi wa China Hat na watetezi wao waliomba zuio kwenye mahakama ya shirikisho, wakalikosa Mei 2025. Jaji aliona kwamba manufaa ya umma katika kuzuia moto mkubwa yana uzito zaidi. Kisheria huenda alikuwa sahihi. Ila ukiziweka hukumu hizi pamoja unaona mtu aliyetolewa mtaani na mji, akatolewa msituni na shirikisho, na kati ya hao wawili hakuna aliyetakiwa na yeyote kusema mtu huyo alale wapi usiku wa leo. Huko kwetu tunasema shamba la bibi kwa mali ya umma inayochumwa na kila mtu bila mtunzaji. Miji ya mlimani ya Marekani imeufanya msitu wa taifa kuwa shamba la bibi la aina yake: inavuna thamani ya mandhari kwenye bei za nyumba, na gharama ya watu inaowahitaji kazini ila haitaki kuwapa pa kulala inaimwaga upande wa pili wa mpaka.

Kuna waliofanya vizuri zaidi kidogo. Crested Butte, Colorado, mji mdogo uliozungukwa na mabonde mazuri sana, ulielemewa na wapiga kambi wa majira ya joto hadi nyasi za kando ya mito zikawa vumbi. Mwaka 2021 wilaya ya misitu ya Gunnison iliweka utaratibu mpya kwenye mabonde yanayouzunguka mji: unalala mahali palipowekewa alama tu, na aliyewahi ndiye aliyepata. Ikabaki bure. Ninachokipenda hapo ni kwamba hawakukimbilia geti wala kibanda cha malipo. Waliona kwamba msitu ulio mbali unaweza kuachwa wazi kabisa, na ule ulio karibu na mji unahitaji mkono wa mtu kidogo, basi wakaweka mkono huo kidogo.

Jackson, Wyoming, ni kisa kinachofundisha zaidi kwa sababu ni cha nusu. Kwenye kilima cha Shadow Mountain, ukitazamana na milima ya Teton, nafasi zimewekewa alama, na wakati wa msimu wa joto muda wa kukaa ni siku 5 badala ya 14. Watu wa kujitolea hukaa pale msimu mzima, wakipita kwa kila gari kuelekeza namna ya kuhifadhi chakula mbali na dubu na kuangalia moto. Kwa mgeni, utaratibu huo umefaulu. Lakini Jackson iko kwenye kaunti tajiri kupita kiasi, na mpishi wa msimu asiyepata chumba anachofanya ni kuhesabu siku tano, anahamisha gari, anahesabu tena. Kanuni nzuri ya msitu imemkuta mtu ambaye tatizo lake halikuwa la msitu tangu mwanzo.

Hapo ndipo mji unapotakiwa kuingia, na siamini kwamba hauna cha kufanya. Oregon ina sheria ya mipango ya ardhi ya 1973 inayochora mpaka ambao mji haupaswi kuuvuka kiholela. Ni sheria nzuri. Imeokoa mashamba na misitu isimezwe na vitongoji, na kama isingekuwepo, huenda ile misonobari ya China Hat ingekuwa bustani za nyumba za wikendi. Lakini sheria hiyo inakwenda na wajibu: ukiuzuia mji kutanuka, uruhusu watu wabanane ndani yake, ghorofa juu ya ghorofa, vyumba vidogo, hata kama aliyejenga bungalo anapenda mtaa wake ubaki ulivyo. Mji unaotaka mpaka bila ghorofa unachagua watu wa kuwatoa nje.

Nyumba huchukua miaka, na watu wanalala usiku huu. Santa Barbara, California, ina utaratibu tangu 2004 wa kufungua maegesho ya makanisa, ofisi na mashirika usiku kwa wanaolala kwenye magari: mtu anasajiliwa, anapewa sehemu yake, anakuta choo, anaondoka asubuhi kwenda kazini, na mtu wa ustawi wa jamii anajua wapi pa kumpata. Miji mingine ya pwani hiyo imeuiga. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kusafisha msitu, ukiacha mbali gharama ya kuzima moto mmoja. Na Idara ya Misitu yenyewe ina silaha ambayo haijatumika vya kutosha. Sheria ya kilimo ya 2018 iliiruhusu kukodisha viwanja vyake vya utawala, vile vyenye ofisi kuukuu, karakana na maghala, ardhi ambayo tayari ina barabara na umeme, ili zijengwe nyumba. Kaunti ya Summit, Colorado, ilikuwa ya kwanza kulishika jambo hilo, kwa nyumba za wafanyakazi kwenye kiwanja cha idara hiyo pale Dillon. Hakuna mti wa msituni unaokatwa kwa ajili hiyo, na mlinzi wa msitu anayelala kwenye gari lake, maana wapo, naye anapata mlango.

Yote haya yanataka watu. Februari 2025 Wizara ya Kilimo iliwaachisha kazi watumishi wapatao 2,000 wa Idara ya Misitu waliokuwa katika kipindi cha majaribio. Wengi waliamriwa warudishwe baadaye, wengine walikuwa wameshapata kazi kwingine. Wengi wao ndio waliokuwa wakizibua vyoo vya msituni, wakitengeneza njia, wakipita kwenye kambi jioni kuangalia majivu. Serikali inayosema msitu lazima ufungwe kwa sababu haiwezi kuusimamia, huku inawatoa wasimamizi, inastahili kuulizwa swali hilo hadharani na kila mbunge wa majimbo ya magharibi.

Wapo wanaosema choo na bomba vitavuta watu. Nimelisikia hilo kila mahali penye mjadala wa namna hii, na nadhani linapima vibaya kinachomsogeza mtu. Aliye China Hat yuko pale kwa sababu kazi yake iko Bend, watoto wake wanasoma Bend, au alizaliwa Bend ulipokuwa mji wa watu elfu ishirini. Watu hao walikaa pale majira ya baridi bila bomba wala choo. Ukosefu wa choo haukumfukuza mtu. Ulichafua msitu tu.

Wengine wanapendekeza malipo: dola kadhaa kwa usiku, na fujo itaisha. Hapo napinga kwa nguvu zaidi. Kambi za kulipia zipo, na anayetaka meza na choo cha kudumu ana pa kwenda. Malipo kwenye msitu wote ulio wazi yatamtoa mwalimu mwenye watoto wanne ambaye hema la bure ndiyo likizo yake pekee, yatahitaji wakusanyaji ambao idara haina, na hayatamhamisha asiye na makazi kwa sababu hana cha kulipa na hana pa kwenda. Atakuwa na faini juu ya shida zake, na faini isiyolipwa ni doa litakaloonekana siku atakapoomba kupanga nyumba.

Kwa hiyo China Hat irudishiwe watu kwa mpango wa sehemu mbili zinazokwenda pamoja. Kilomita zilizo karibu na mji ziwekewe nafasi za namba, za bure, zenye mashimo ya moto ya mawe, vyoo viwili vitatu vya shimo vilivyojengwa kando ya barabara, tangi la maji la kuzimia moto, na muda mfupi wa kukaa kama ule wa Jackson, huku moto ukipigwa marufuku kabisa miezi ya ukame. Ndani zaidi, siku 14 zibaki kama zilivyo. Na kabla ya notisi yoyote kubandikwa kwenye kioo cha gari, kaunti na mji viwe vimeshafungua maegesho ya usiku yenye nafasi za kuwatosha waliomo msituni, kwa majina, baada ya kwenda kuwahesabu na kuzungumza nao. Ramani za barabara zipo, mifano ya Gunnison na Santa Barbara ipo, na kazi ya kuweka nguzo za namba na kujenga vyoo vya shimo inaweza kufanywa kati ya theluji kuyeyuka na msimu wa moto kuanza.